Kuhamisha wateja kutoka Excel: kisa cha mfasiri mwenye mistari 214

Tuchukue mfasiri wa kujitegemea wa Dar es Salaam, wa Kiswahili na Kiingereza, aliyefanya kazi miaka mitatu kwa kutegemea faili moja la Excel. Ndani mna shiti nne: Wateja, Kazi 2022, Kazi 2023 na Kazi 2024. Shiti ya Wateja ina mistari 214, na zile tatu za kazi zina mistari 487 kwa jumla. Wateja wenyewe ni mchanganyiko uliozoeleka katika fani hii: asasi za kiraia za mjini, mawakili wawili watatu, shule, wakala wa tafsiri walioko Ujerumani na Marekani, na watu binafsi wanaotaka cheti cha kuzaliwa kitafsiriwe kwa ajili ya viza. Sasa anataka kuhamia kwenye programu ya kusimamia wateja yenye sehemu tano: mashirika, watu, kazi, ankara na malipo.

Watu wengi wakifika hapa hutumia wiki nzima kulinganisha programu, kisha jioni moja ya Ijumaa wanaingiza faili zima kwa mkupuo. Jumatatu wanagundua kwamba nusu ya wateja hawana namba ya simu na nusu nyingine wanadaiwa fedha walizokwisha kulipa. Mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Programu nyingi za kazi ya mtu mmoja zinatosha. Kinachoamua kama uhamisho utafaulu ni hali ya faili, na hasa jambo moja: kila mstari wa Excel umebeba vitu kadhaa ambavyo programu inataka viwe mbalimbali.

Mstari mmoja kwa karibu

Mstari wa 96 wa Kazi 2024 unasomeka hivi: "Mama Asha (mhasibu)", "0712… / 0655…", "tafsiri ripoti kur. 32", "laki 8", "760 kalipa", "03/04". Seli zote zimepakwa njano.

Mwenye faili anauelewa vizuri sana. Mama Asha ni mhasibu wa asasi fulani, ripoti ilikuwa ya kurasa 32 kwa shilingi 25,000 kila moja, jumla 800,000, zimelipwa 760,000, na njano maana yake bado anadaiwa. Programu haitaelewa hata kimoja. Itasajili mtu mwenye jina la kwanza "Mama" na jina la ukoo "Asha (mhasibu)". Namba mbili zenye mkwaju katikati itazikataa, au itazibeba kama zilivyo, na ukibonyeza kupiga simu haiendi. "Laki 8" kwake ni maandishi. Rangi haitaiona kabisa. Na jina la asasi halijaandikwa popote, kwa kuwa lilikuwa kichwani mwa mfasiri.

Mstari huo una shirika, mtu, kazi na malipo mawili (la pili limejificha, tutalifikia). Ndiyo maana hatua ya kwanza, baada ya kutunza nakala ya faili la awali mahali ambapo halitaguswa, ni kufungua faili jipya lenye shiti tano: Mashirika, Watu, Kazi, Ankara na Malipo. Kila kitu kinapewa namba yake isiyobadilika: SH-001 kwa shirika, W-001 kwa mtu, K-2024-096 kwa kazi. Kazi inamtaja mteja kwa namba hiyo, si kwa jina. Majina hubadilika, hukosewa na hufanana. Angalia tu majina yanayoanza na Ng': yakiandikwa kwa kompyuta mara nyingi hupata alama iliyonyooka, yakinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu huweza kuja na alama iliyojikunja. Kwa jicho ni jina lilelile, lakini kwa programu ni watu wawili, na kazi zao hazitakutana.

Kuhusu majina yenyewe, tenga kolamu tatu: jina la kwanza, jina la ukoo, na namna ya kumwita. Hii ya tatu programu nyingi haziji nayo, unaiongeza mwenyewe. "Mama Asha", "Mzee", "Dkt." na "Mhasibu" vinakaa humo. Ukiiacha, siku utakapotuma ujumbe wa pamoja, mtu mzima atapokea barua inayoanza na "Habari Mama," bila jina, au ataitwa kwa jina lake la kwanza kavu kama mtoto.

Rangi, seli zilizounganishwa, na vilivyofichwa

Programu hizi hupokea faili la CSV, na CSV ni maandishi matupu. Hubeba shiti moja tu, ile iliyo wazi wakati wa kuhifadhi. Rangi, fomyula na vidokezo vilivyobandikwa kwenye seli vyote vinabaki nyuma. Katika kisa hiki rangi zilikuwa ndizo uhasibu wenyewe: kijani amelipa, njano anadaiwa, nyekundu usimpokee tena. Kwa hiyo kabla ya chochote kingine, chuja kwa rangi, rangi moja baada ya nyingine, na katika kolamu mpya ya HALI andika neno. Vidokezo vya kwenye seli havina njia ya mkato iliyo rahisi. Vifungue kimoja kimoja na uvinakili kwenye kolamu ya MAELEZO. Vilikuwa 40 na kidogo, kazi ya saa moja, na humo ndimo mlimokuwa na mambo kama "usitume ankara kabla ya tarehe 25" na "analipia kupitia ofisi ya Arusha".

Seli zilizounganishwa ni mtego wa kimyakimya. Jina la wakala wa Ujerumani lilikuwa limetandazwa juu ya mistari 11. Ukilitenganisha, jina linabaki kwenye mstari wa juu tu na mistari 10 haina mwenyewe. Dawa yake: tenganisha seli zote, chagua kolamu nzima ya jina, bonyeza Ctrl+G, kisha Special, kisha Blanks. Excel itachagua seli tupu pekee. Andika alama ya = ikifuatiwa na seli iliyo juu ya ile ya kwanza, mathalani =A2, halafu Ctrl+Enter. Nafasi zote zinajaa. Kisha nakili kolamu na uibandike kama thamani. Ukisahau hatua hii ya mwisho ukapanga mistari upya, fomyula zitavuta majina ya majirani wapya na kila kazi itahamia kwa mteja mwingine. Hilo halina kelele. Utaligundua miezi baadaye.

Na mistari uliyoificha? CSV huibeba yote. Wateja 9 ambao mfasiri huyu aliwaficha mwaka 2022 kwa kuwa waliacha kazi wangerudi mezani kama wapya.

Namba ya simu ndiyo mteja

Programu nyingi zilitengenezwa kwa mazingira ambayo kila mteja ana barua pepe yake. HubSpot, kwa mfano, humtambua mtu kwa anwani yake ya barua pepe. Hapa kwetu hilo linagonga mwamba pande mbili. Watu binafsi wengi wa faili hili hawana barua pepe kabisa, wapo kwa simu na WhatsApp. Ukiwaingiza mara mbili, wanakuwa watu wawili. Na mhasibu na mkurugenzi wa asasi moja wanatumia anwani moja inayoanza na info. Ukiwaingiza wote wawili, wanakuwa mtu mmoja, na wa pili anamfuta wa kwanza. Kabla ya kuchagua programu, uliza hili tu: je, inaweza kukagua marudio kwa namba ya simu, au kwa namba ya W-001 tuliyoitunga? Kama haiwezi, tafuta nyingine. Kwa mfasiri huyu, hicho ndicho kigezo kilichoondoa programu nyingi kuliko bei.

Namba zenyewe zilikuwa katika sura nne: 0712 na kuendelea, 712 na kuendelea baada ya Excel kula sifuri ya mbele, 255712 na kuendelea, na zenye nafasi au vistari katikati. Sura inayotakiwa ni moja, yenye +255 na tarakimu 9. Fomyula inayozinyoosha, kama namba iko seli D2, ni hii:

="+255"&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(D2," ",""),"-",""),9)

Inafanya kazi vizuri, na ndiyo sababu inahitaji kuogopwa. Kenya na Uganda nazo zina tarakimu 9 baada ya +254 na +256. Mteja wa Nairobi aliyeandikwa 0722 atageuzwa kuwa namba ya Tanzania bila onyo lolote, na ujumbe wake utaenda kwa mtu asiyehusika. Weka kwanza kolamu ya NCHI, kisha itumie fomyula kwa wa Tanzania peke yao. Penye namba mbili ndani ya seli moja, RIGHT itachukua ya pili na kuitupa ya kwanza, kwa hiyo zitenganishe kabla, na mara nyingi ya kwanza ndiyo ya WhatsApp.

Jambo jingine la kuangaliwa ni onyesho la 2.55712E+11. Excel huonyesha namba ya tarakimu 12 hivyo katika seli isiyopangiwa mtindo, na CSV huhifadhi kile kinachoonekana. Tarakimu zilizofichika zinapotea moja kwa moja, na hakuna wa kuzirudisha isipokuwa nakala ile ya awali. Badili mtindo wa seli kuwa namba isiyo na desimali kabla ya kuhifadhi. Ukishahifadhi CSV, usiifungue tena kwa kuibofya mara mbili, kwa sababu Excel itaisoma upya, itang'oa alama ya + na sifuri, na ukibonyeza Save umerudi ulikoanzia. Ikague kwa Notepad.

Baada ya kunyoosha, panga shiti kwa kolamu ya simu iliyonyooshwa, tuseme F, na kando yake andika =F2=F1. Kila TRUE ni mteja aliyejirudia, au watu wawili wa simu moja, kama mume na mke waliokuja na vyeti vyao. Uamuzi huo ni wa binadamu. Mistari 214 iliishia kuwa watu 131.

Tarehe zinazodanganya

03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Kompyuta ya mfasiri ilikuwa na mpangilio wa Marekani, mwezi mbele, naye aliandika kama tunavyoandika, siku mbele. Alipoandika 25/03/2024 Excel ilishindwa kuielewa ikaiacha kama maandishi, imekaa upande wa kushoto wa seli. Alipoandika 03/04/2024 iliielewa, lakini vibaya: ikawa Machi 4, imekaa kulia, nadhifu kabisa. Maana yake tarehe zinazoonekana na kasoro ndizo sahihi, na zilizokaa vizuri ndizo mbovu. Anayezirekebisha za kushoto tu anaziacha zile zenye kosa lenyewe.

Fomyula ya kuzirudisha zote kwa pamoja, ikiwa ziko kolamu C na ziliandikwa kwa tarakimu mbilimbili:

=IF(ISTEXT(C2),DATE(RIGHT(C2,4),MID(C2,4,2),LEFT(C2,2)),DATE(YEAR(C2),DAY(C2),MONTH(C2)))

Usiitumie kwenye mistari iliyobandikwa kutoka kwa wakala wa Marekani. Hizo zilikuwa sahihi tayari na utazipindua. Matokeo yapange katika mtindo wa 2024-04-03, mwaka kwanza, ambao hauna tafsiri mbili. Kipimo cha haraka ni namba za kazi: kazi ya 96 ikiwa na tarehe inayotangulia ya 80, kuna kitu hakijakaa sawa.

Madeni ambayo si madeni

Hapa ndipo uhamisho huharibu uhusiano na wateja, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mistari ya njano ilikuwa 17. Turudi kwa Mama Asha: ankara 800,000, imelipwa 760,000, baki 40,000. Hiyo 40,000 ni asilimia 5 kamili. Ni kodi ya zuio: asasi inapomlipa mkazi kwa huduma, hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Mama Asha hadaiwi. Kinachodaiwa kwake ni hati ya kodi ya zuio, ambayo mfasiri anaitumia kupunguza kodi yake ya mwaka. Mistari 6 kati ya 17 ilikuwa ya namna hii. Ukiiingiza kama deni, programu itaanza kumkumbusha mhasibu mwadilifu kuhusu fedha alizokwisha kuzifikisha serikalini.

Namna ya kuiandika: malipo mawili kwa ankara moja. La kwanza 760,000, njia benki. La pili 40,000, njia "Kodi ya zuio", na namba ya hati katika maelezo. Ankara inafungwa. Ambapo hati haijapatikana, fungua kikumbusho cha kuiomba, kikimhusu mhasibu. Programu isiyokuruhusu kuongeza njia ya malipo ya kwako mwenyewe itakusumbua kila mwezi.

Mistari 2 mingine ilikuwa makato ya benki. Wakala alitumiwa ankara ya dola 450, zikaingia 425. Fedha za kutoka nje zikitumwa kwa mpango wa SHA, mtumaji na mpokeaji hugawana gharama, na benki ya katikati huweza kukata chake njiani. Andika 425 zilizoingia na 25 kama "Makato ya benki", ankara ifungwe. Katika masharti ya malipo ya ankara zijazo omba OUR, ambapo mtumaji anabeba gharama zote.

Zikabaki ankara 9 za kweli: 6 za shilingi zenye jumla ya 4,350,000, na 3 za dola zenye jumla ya 1,120. Faili la zamani lilikuwa na sarafu zote ndani ya kolamu moja, "450$" chini ya "300,000/=" chini ya "1.2M", na jumla iliyokuwa chini yake haikuwa na maana yoyote. Weka kolamu mbili, KIASI chenye tarakimu tupu bila mkato wala /=, na SARAFU yenye TZS au USD. Usigeuze dola za zamani kuwa shilingi kwa bei ya leo.

Je, ankara zote 487 zihamishwe? Ushauri wetu ni hapana. Hamisha zilizo wazi kama ankara hai, na kazi zilizofungwa ziingie kama historia tu: tarehe, aina ya kazi, kurasa, kiasi. Faili la zamani lenyewe litunzwe, kwani sheria ya usimamizi wa kodi inadai kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5.

Siku ya kuingiza

Zima kwanza barua zote za kujituma: vikumbusho vya ankara, salamu kwa mteja mpya, kila kitu. Ankara ya Mei ikiingia Oktoba, programu inaiona imechelewa miezi na inaweza kutuma kikumbusho usiku huohuo.

Jaribu kwa mistari 10, na uichague ile migumu: mwenye namba mbili, mwenye Ng' katika jina, wa Ujerumani mwenye ü, asiye na barua pepe, wawili wa info, mmoja wa dola, mmoja wa kodi ya zuio, mmoja wa Kenya, mmoja wa kawaida. Hifadhi kwa aina ya CSV UTF-8, la sivyo ü itatoka alama zisizosomeka. Kagua kila mmoja kwa macho, piga simu moja kutoka ndani ya programu, kisha ifute hiyo 10 na uanze upya. EspoCRM ina uwezo wa kutengua uingizaji mzima kwa hatua moja. Kama yako haina, wape wote lebo ya "JARIBIO" ili uwapate pamoja.

Mpangilio ni Mashirika, Watu, Kazi, Ankara, Malipo. Kila kundi linahitaji lililotangulia ili lishikamane nalo. Baada ya kila moja linganisha: mistari mingapi ilitoka, mingapi imepokelewa. Mwisho kabisa programu ionyeshe watu 131, shilingi 4,350,000 na dola 1,120 zinazodaiwa. Ikionyesha 130, usiendelee mpaka umjue aliyepotea. Katika kisa hiki ni yule wa pili wa info. Weka pia namba ya ankara inayofuata, iendelee kutoka ile ya mwisho, isirudi 0001.

Kuna vitu visivyostahili kupanda. Namba za NIDA, nakala za pasi za kusafiria na vyeti vya hospitali vilivyoletwa kutafsiriwa havina kazi ndani ya orodha ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi, na ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, ambako seva za programu nyingi ziko. Hamisha jina, mawasiliano, TIN kwa mashirika, na historia ya kazi. Nyaraka za watu zibaki nje.

Siku hiyohiyo badili jina la faili la Excel kuwa "USIANDIKE_Wateja_hadi_2024" na ulifunge lisomwe tu. Kuandika sehemu zote mbili "mpaka nizoee" ndiko kunakozaa orodha mbili zisizolingana, na baada ya wiki tatu hakuna aijuaye ya kweli. Vikumbusho viwashe baada ya siku 7, kimoja kimoja, ukianza na ankara zile 9. Na mwisho wa kila mwezi toa CSV ya sehemu zote tano kutoka kwenye programu, uitunze nje yake. Mara ya kwanza ukiitoa, tafuta K-2024-096 ndani yake uone kama 40,000 ya Mama Asha imekuja na jina lake la "Kodi ya zuio".